Kuitikia kwa Kijerumani

Mtihani wangu wa kwanza wa Kijerumani nilifeli kwa mdomo. Kuandika nilipata alama nzuri mpaka msimamizi akaitazama karatasi mara mbili. Kusoma nikapita, kusikiliza nikajikongoja. Ila kwenye kuongea palikuwa na namba ambayo ningeipata kwa kutaja jina langu tu na kunyamaza. Na mtihani wenyewe ni wa ngazi ya chini kabisa, Kijerumani cha kuombea maji. Mke wangu aliniambia hivyo hivyo kwenye simu, kwa utani, nami nikacheka, halafu nikakaa na ule utani wiki nzima.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Mimi ni fundi mafriji. Kibanda cha kazi kiko Tabata, na nyumba iko Goba, juu mlimani, nyumba tuliyohamia kabla haijaisha kama wanavyohamia wengi wa huku: vyumba viwili vina dari, vilivyobaki ukiinua macho unaona bati. Mke wangu ni muuguzi. Alipata kazi Ujerumani akatangulia, na mtoto wetu wa kike akabaki na mimi akiwa na miaka miwili na nusu. Mwaka mzima tuliishi wawili. Nilijifunza kusuka nywele, vibaya, na kumbembeleza mtu ambaye kijiko kikifika mdomoni anafunga meno. Kisha mama yake akaja likizo akamchukua, kwa sababu karatasi za mtoto zilikuwa zimekamilika na za kwangu bado.

Za kwangu zilipungukiwa kitu kimoja, cheti cha kuonyesha kwamba mume anaweza kuongea Kijerumani kidogo. Bila cheti hupati viza, na bila viza unabaki Goba. Jambo lote lilikuwa hilo, halikuwa na kona yoyote ya kumlalamikia mtu.

Nilianza na darasa la mjini. Wenzangu walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wakiulizwa swali wanarusha maneno hata yasiyokuwepo, wanacheka, wanaendelea. Mimi nikiulizwa, nainamia daftari. Nilikuwa naijua sentensi nzima, naiona kichwani imekaa sawasawa, kitenzi mahali pake, lakini kuitoa nje mbele ya watu wazima kumi na wawili nikashindwa. Mwalimu, mtu mpole, aliniambia siku moja baada ya kipindi kwamba kuna tovuti ambapo wanaojifunza wanachati moja kwa moja na wenye lugha yao. Wanaandikiana tu, papo kwa papo, hakuna anayemwona mwenzake. Alisema watu wenye haya inawasaidia. Neno haya lilinichoma kidogo, lakini nilijiandikisha siku ile ile.

Ndipo nikampata mama mmoja wa Kijerumani, mstaafu, mwenye miaka sabini na moja, aliyefanya kazi posta maisha yake yote. Tulichati siku za kazi saa saba mchana, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nyuma ya kibanda, na Jumamosi asubuhi nyumbani. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kile Kijerumani changu, nilistarehe. Anaandika, nasoma mara mbili, nne, natazama neno kwenye kamusi, naandika jibu, nafuta, naandika tena, natuma. Yeye upande wake anaona vidoti vitatu tu vinavyocheza, hajui kama huku mtu anatoka jasho. Baada ya miezi miwili nilikuwa mcheshi kwa Kijerumani. Nilimweleza kwamba lugha yake inanichosha kwa kuona kijiko ni mwanaume na uma ni mwanamke. Akauliza sisi tuna jinsia ngapi za maneno. Nikamwandikia juu ya ngeli, moja baada ya nyingine, mpaka akaomba tupumzike.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye kumwita. Alishaniambia nimwite kwa jina lake, na jina lenyewe fupi, halina taabu. Lakini mtu wa miaka sabini na moja! Kidole kilikuwa kinakataa. Siku moja nikaandika tu kama ambavyo ningemwita mwanamke yeyote wa umri huo hapa mjini: Habari za asubuhi, Mama. Vidoti vikacheza, vikapotea, vikacheza tena. Kisha likaja jibu.

"Mimi si mama yako. Sina mtoto."

Nilifunga simu. Nilijiona mtu mzima niliyefukuzwa mlangoni. Wiki nzima sikuingia, ikifika saa saba natafuta friji la kufungua hata kama halina haraka. Ningekuwa mbele yake ningeona uso, ningejua kama amekasirika au anashangaa tu, lakini maandishi hayana uso. Yeye ndiye aliyenitafuta. Aliuliza nimepotelea wapi na yeye amekosea nini, maana alikuwa ananipa taarifa tu. Nikamweleza kwamba kwetu kila mwanamke wa umri wake ni mama, anayekuuzia samaki ni mama, bosi wako ni mama, hata aliyekutukana sasa hivi ukimjibu unaanza na neno mama. Kisha akaandika kwamba basi naruhusiwa, ila kwenye chati tu, nisije nikamwita hivyo mbele ya majirani zake.

Tangu siku hiyo tulizoeana. Aliishi peke yake ghorofa ya tatu, akipanda nyanya kwenye kibaraza. Na mimi nikagundua jambo ambalo mpaka leo nalifikiria. Nilikuwa namwambia vitu ambavyo kwa Kiswahili sikuwahi kumwambia mtu. Jirani akiniuliza vipi hali, najibu tupo, tunasukuma siku. Ndugu zangu wa Iringa wakipiga najibu namshukuru Mungu. Kiswahili changu kina maneno mengi ya kujifichia. Kwa Kijerumani sikuwa na maneno hayo, nilikuwa na yale ya somo la tatu na la nne, kwa hiyo akiuliza hali nikaandika: Nyumba ni kubwa. Mimi ni mmoja. Nina huzuni. Sentensi tatu, hazina kosa hata moja. Alinisifu kwa sarufi, kisha akasema nyumba yake ni ndogo lakini na yeye ni hivyo hivyo.

Raha hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kwenye ule mtihani wa kwanza. Tulikaa wanne kuzunguka meza, watahini wawili pembeni. Unavuta kadi, unaitumia kuuliza swali. Kadi yangu ilikuwa na picha ya mkate. Mkate! Nilishamwandikia yule mama ukurasa mzima juu ya mkate, jinsi mke wangu alivyonitumia picha ya mkate wao mweusi nikadhani ni tofali. Maswali kumi ya mkate nilikuwa nayo. Nikaitazama meza. Mtahini akatabasamu, akasubiri. Nilikuwa nasubiri mimi pia, na nilipokuja kujikagua baadaye niligundua nilichokuwa nasubiri ni mahali pa kuandika. Mwisho nikasema: "Mkate." Binti wa pembeni, Mungu ambariki, akajifanya nimeuliza swali na kunijibu kwamba anaupenda sana. Nikasema ndiyo. Hayo ndiyo maongezi yangu yote siku hiyo.

Nilipomweleza yule mama, aliandika mara moja, bila vidoti kusitasita, kwamba kosa ni letu sote wawili. Tumejengeana mahali pazuri pa kujificha. Kuanzia Jumamosi tutaongea kwa sauti. Nikasingizia mtandao wa Goba. Jumamosi iliyofuata nikasingizia mafua. Ya tatu akapiga bila kuuliza, na kwa woga kidole kikapokea.

Sauti yake ilikuwa nzito, ya mvuta sigara, na ya haraka. Miezi yote nilikuwa nikimsoma kwa sauti ya mama yangu mzazi, kumbe sikujua, na sasa alikuja mtu mwingine kabisa. Sikuelewa hata neno moja. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya: nikaitikia. Sisi tunasikiliza kwa mdomo. Mtu akikusimulia jambo unamwitikia, ehee, naam, ndiyo, ili ajue upo naye. Ukinyamaza anajua umemdharau au umelala. Basi nikaitikia kwa Kijerumani. Ja, nikasema, maana ndiyo yao ni hiyo. Ja. Ja, ja. Niliitikia kwa adabu zote, na uchangamfu nikauongeza kadiri nilivyozidi kupotea. Ghafla simu ikakatika. Nilidhani kweli ni mtandao. Kisha ikaingia chati.

"Nimekuuliza mara tatu kama unataka tuache. Umesema ndiyo mara tatu. Nimeelewa. Nakutakia kila la heri."

Niliandika maelezo marefu kuliko yote niliyowahi kuandika kwa lugha ile, nikieleza kwamba ndiyo yetu maana yake si nakubali, maana yake nipo, endelea. Vidoti havikuja. Siku ya kwanza havikuja, ya pili pia. Kibanda nilikifunga saa tisa alasiri, mteja amesimama na friji lake kwenye mkokoteni, nikamwambia arudi kesho, akanisonya na alikuwa na haki. Nilijisikia mpweke kuliko siku mke wangu alipoondoka na mtoto. Nilijionea aibu kwa hilo, kumlilia mtu nisiyemjua hata sura, lakini kweli ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya nne alijibu. Alisema ameisoma barua yangu mara tatu na anataka kujaribu, kwa sharti moja. Kwenye simu, kila nikisema ndiyo, yeye atanikatiza aulize: ndiyo nini? Na mimi lazima niseme kwa sentensi nzima nilichokubali. Nisipojua, niseme sijui. Kuandika ni marufuku mpaka tumalize.

Tulifanya hivyo wiki saba. Mwanzoni ilikuwa mateso. Ndiyo nini? Sijui. Ndiyo nini? Sijui, Mama, sema tena polepole. Neno sijui lilinitoka mara nyingi mpaka likapoteza aibu, na aibu ilipopungua, masikio yakaanza kufunguka kidogo kidogo. Kwanza nilishika maneno ya mwisho wa sentensi. Kisha nikaanza kushika anachokusudia, ingawa maneno yenyewe yananipita. Niliongea vibaya, jinsia za maneno nikazichanganya zote, kijiko kikawa kike, mke wangu akawa mwanaume, maana mtu aliyekulia kwenye neno yeye, moja tu linalotosha wanaume na wanawake, hana uzoefu wa kuchagua. Alinisahihisha kila mara bila kuchoka. Starehe ya kuchati niliikosa, nisidanganye. Kuna siku nilimwomba turudi kwenye maandishi hata nusu saa tu, akakataa, nikamkasirikia kama mtoto.

Lakini lile swali lake liliniharibia kitu kingine ambacho sikukitegemea. Nilianza kujisikia ninavyoitikia kwenye simu ya Jumapili, ile ya mke wangu, ambayo ni ya Kiswahili. Alikuwa anasimulia, naye huwa anasimulia haraka kwa sababu zamu zao hazina huruma: mkataba umeongezwa, nyumba wamebadilisha, mtoto kaanza shule ya awali. Na mimi naitikia. Ndiyo. Ehee. Sawa mke wangu. Jumapili moja alitaja kitu kuhusu mtoto na Kiswahili, nikajikuta namkatiza.

"Umesemaje?"

"Nimesema vile tulivyokubaliana," akajibu. "Kuongea naye Kijerumani nyumbani, asije akabaki nyuma shuleni. Si nilikwambiaga mwaka jana? Ukasema ndiyo."

Sikuwa na kumbukumbu nayo hata kidogo. Nilijaribu kuitafuta hiyo Jumapili ya mwaka jana, pengine nilikuwa nafungua gesi ya friji, pengine nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha mtoto nikitazama ukuta kama nilivyozoea siku hizo. Ndiyo niliisema, hilo sikuwa na shaka. Sauti yangu naijua. Sikumlaumu mke wangu, wala sikumwambia kwamba sikusikia. Nilimuuliza tu kama mtoto bado anasema maneno yetu, akasema machache, ya chakula. Tangu lini? Tangu kiangazi chao cha mwaka jana. Nikahesabu miezi, nikaelewa kwa nini siku za karibuni mtoto akipewa simu alikuwa anapunga mkono tu na kukimbia. Nilikuwa nimeamua ni utoto.

Mtihani wa pili nilifaulu. Naliweka hapa mapema ili msomaji asiwe na wasiwasi, na kwa sababu halina cha kusimulia: nilivuta kadi ya viatu, nikauliza vinauzwa wapi, nikajibiwa, nikajibu. Yule mama alifurahi hadi akapiga makofi kwenye simu. Sasa nasubiri viza. Lakini mimi siku niliyokijua Kijerumani si ile. Ni Jumapili iliyoitangulia.

Mke wangu alipiga kwa video saa tisa alasiri, huko kwao mchana. Alikuwa anapika. Akaisimamisha simu juu ya meza ya jikoni, ikaegemea kitu, akaniambia nimsubiri dakika moja kuna kinachoungua. Nikabaki natazama jiko safi, dirisha, na kiti cha mtoto. Nilikuwa nimekaa sebuleni, upande usio na dari. Akapita mtoto. Alikuwa amerefuka. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri kuliko nilivyowahi kuzisuka mimi. Akaiona simu, akasimama, akanitazama usoni vizuri, kisha akageuka kumwita mama yake kwa Kijerumani.

"Mama, yule bwana kapiga tena."

Niliielewa. Hakukuwa na vidoti, hakukuwa na kamusi, wala haikusemwa polepole kwa ajili yangu. Sentensi nzima iliingia sikioni ikakaa, kila neno na mahali pake, ya kwanza maishani mwangu kuielewa bila kuifanyia kazi. Miaka miwili nilikuwa nimeisubiri siku hiyo na nilishapanga kwamba nitaruka. Mama yake hakusikia, feni ya jikoni ilikuwa inanguruma. Nikamwambia mtoto, kwa Kijerumani, kwa sauti, bila kutafuta neno hata moja, kwamba mimi ni baba.

Alisogea karibu. Nadhani kilichomvuta ni kuona yule bwana wa kwenye simu anaongea lugha ya watu. Akapanda kiti, akaweka viwiko mezani, akaniuliza ninakaa wapi.

Nikamjibu kwamba nakaa Goba. Akalirudia hilo jina polepole, akalikosea, akacheka. Kisha akauliza kama Goba ni mbali.

Nikamwambia ni mbali.